Kiraka cha Herufi Moja: Usahihishaji wa Miongozo ya Programu Huria

Mnamo mwaka 1977 Profesa Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, nchini Marekani, aliletewa prufu za toleo jipya la juzuu ya pili ya kitabu chake kiitwacho The Art of Computer Programming. Toleo la awali lilikuwa limepangwa kwa herufi za risasi, kwa ufundi wa zamani. Toleo hili jipya lilipangwa kwa mitambo ya picha, ambayo wakati ule ndiyo iliyokuwa ikienea katika viwanda vya uchapaji. Sura ya kurasa zile ilimchukiza mwandishi: herufi hazikupendeza, na alama za hisabati, ambazo ndizo roho ya kitabu cha namna ile, zilikaa ovyo. Msomaji mwingine wa prufu angeandika malalamiko yake pembeni mwa ukurasa na kuzirudisha kwa wachapaji. Knuth aliiweka juzuu ile kando, akaanza kutunga programu ya kompyuta ya kupangia kurasa. Kazi aliyoikadiria kwa miezi ilimchukua miaka, na tunda lake, programu iitwayo TeX, lingali likitumiwa na wanahisabati na wanafizikia wa kila bara kuandalia makala na vitabu vyao. Msimbo wa programu hiyo uko wazi kwa yeyote atakaye kuusoma.

Mtu aliyeudhiwa na prufu kiasi hicho hakuwa mtu wa kudharau makosa madogo. Knuth aliweka zawadi kwa wasomaji wake: yeyote aliye wa kwanza kugundua kosa katika kitabu chake, liwe la hesabu, la historia, au la herufi iliyokosewa tu, hupewa dola 2.56 za Marekani. Kiasi hicho kina utani wa kitaalamu ndani yake. Hesabu ya 256, ikiandikwa kwa msingi wa 16 wanaoutumia sana watunzi wa programu, huandikwa 100. Kwa hiyo senti 256 ni dola moja kamili kwa mtu ahesabuye kwa namna hiyo. Kosa ndani ya programu ya TeX yenyewe lilianza kwa zawadi iyo hiyo, kisha zawadi ikaongezwa maradufu kila mwaka mpaka ikasimamishwa kwenye dola 327.68. Wengi waliozipata hundi zile hawakuzipeleka benki. Walizitia katika fremu wakazitundika ukutani. Mwaka 2008, kwa kuhofia wezi wa akaunti, Knuth aliacha kutoa hundi halisi akaanza kutoa hati za Benki ya San Serriffe, nchi isiyokuwepo duniani, ambayo ilibuniwa na gazeti la The Guardian la Uingereza kwa Siku ya Wajinga ya mwaka 1977. Hati hizo haziwezi kununua hata kikombe cha chai, na bado watu huziwania.

Mwaka 1989 mtaalamu huyo alichapisha makala juu ya makosa ya TeX, na ndani yake akaweka daftari zima la marekebisho aliyoyafanya kwa muda wa miaka 10. Orodha hiyo ina zaidi ya marekebisho 850, na kila moja limepewa herufi ya kuonyesha aina yake. Miongoni mwa aina hizo imo ile ya mkono ulioteleza tu, kosa la uandishi lisilo na falsafa yoyote nyuma yake. Si jambo la kawaida mtaalamu kuanika mteleza wake mbele ya walimwengu na kuuhesabu pamoja na makosa makubwa. Lakini katika ulimwengu wa programu huria, mazoea hayo ndiyo yaliyomfungulia mlango msomaji wa kawaida, asiyejua kutunga programu hata mstari mmoja, aingie kazini.

Mwongozo ni sehemu ya mtambo

Programu huria ni ile ambayo leseni yake inamruhusu kila mtu kuitumia, kuusoma msimbo wake, kuubadilisha, na kuwagawia wengine. Mfumo endeshi wa Linux, lugha ya Python na hifadhidata ya PostgreSQL ni za kundi hilo. Kila programu ya namna hiyo huambatana na maandishi ya kueleza jinsi ya kuisimika, kuiamuru na kuiokoa inapokwama. Maandishi hayo ndiyo mwongozo, na kwa mtumiaji aliye mbali na waliotunga programu, mwongozo ndio mwalimu pekee.

Desturi ya kuandika miongozo kwa uangalifu ina asili yake katika mfumo wa Unix, uliobuniwa katika Maabara ya Bell huko Marekani. Toleo la kwanza la mwongozo wa Unix lina tarehe ya 3 Novemba 1971. Kila amri ilipewa ukurasa wake: jina la amri, namna ya kuiandika, maelezo ya kazi yake, mafaili yanayohusika nayo, na karibu na mwisho kifungu cha kasoro zinazojulikana. Kifungu hiki cha mwisho kinastahili kutazamwa mara mbili. Ni nadra kiwanda kuuza kitu kikiwa na karatasi inayosema wapi kitu hicho kina ubovu. Waandishi wa Unix walifanya hivyo tangu siku ya kwanza, na warithi wao, wakiwemo watunzaji wa kurasa za mwongozo wa Linux, wamekihifadhi kifungu hicho hadi leo.

Haki ya kusahihisha ilikuja kwa njia ya sheria. Shirika la Programu Huru, lililoasisiwa na Richard Stallman mwaka 1985, lilishikilia kwamba programu iliyo huru inahitaji mwongozo ulio huru vilevile. Hoja yake ni nyepesi kueleweka: fundi anayeruhusiwa kuibadilisha programu, lakini haruhusiwi kuubadilisha mwongozo, atabaki na mwongozo unaosema uongo tangu siku aliyoibadilisha programu. Mwaka 2000 shirika hilo likatoa leseni maalumu kwa ajili ya maandishi. Leo miradi mingi huweka mwongozo katika ghala moja na msimbo, na anayesahihisha koma hupitia mlango ule ule anaopitia mtunzi wa programu.

Silabi inayojificha

Elimu ya usomaji inaeleza kwa nini kazi hii haimwishii mwandishi mwenyewe. Jicho la msomaji halitelezi juu ya mstari kama inavyodhaniwa. Huruka kutoka mahali hadi mahali, likitua kwa takriban robo ya sekunde kila linapotua. Maneno mafupi aghalabu hurukwa kabisa, na akili hujaza pengo kwa kubashiri. Msomaji anayeijua mada hubashiri vizuri kuliko mgeni, na kwa sababu hiyo hiyo hupitwa na makosa mengi zaidi. Mwandishi ndiye hodari kupita wote wa kubashiri, maana anajua tangu mwanzo alikusudia kusema nini. Anaposoma kazi yake, akili humsomea makusudio badala ya maandishi.

Katika Kiswahili hatari hii ina umbo lake. Lugha nyingine huweka ukanushi katika neno linalosimama peke yake. Kiswahili huuzika ndani ya kitenzi. Mfano wa kubuni utalidhihirisha jambo hili. Mwongozo wa programu ya kuhifadhi nakala unaeleza kwamba, baada ya kazi kukamilika, amri fulani hufuta mafaili yaliyonakiliwa, ili kupunguza msongamano diskini. Mwandishi akateleza, akaandika kwamba amri ile hufuta mafaili yasiyonakiliwa. Tofauti ni herufi moja, l na s. Mtumiaji anayetaka kupunguza msongamano ataiogopa amri iliyo salama. Na pale ambapo kosa limeelekea upande wa pili, ataitumia amri ya hatari kwa moyo mkunjufu, na asubuhi kazi ya mwaka mzima itakuwa imetoweka.

Zipo programu za kukagua tahajia, na miradi mikubwa huzitumia. Msimbo wa kiini cha Linux, kwa mfano, umeambatana na orodha ya makosa ya tahajia yanayojirudia, ambayo hati ya ukaguzi huilinganisha na kila badiliko linaloletwa. Lakini mashine ya namna hiyo haiwezi kulikamata kosa la mafaili yasiyonakiliwa, kwa kuwa neno lenyewe ni Kiswahili safi. Haiwezi pia kujua kwamba mwongozo unataja thamani ya 30 pale ambapo programu, tangu toleo lililopita, hutumia 60. Wala kwamba hatua ya nne inahitaji kitu ambacho msomaji ataelezwa namna ya kukipata katika hatua ya saba. Makosa haya humtega mtu anayeufuata mwongozo kwa mara ya kwanza, mkono ukiwa kwenye kibodi. Mtaalamu haanguki hapo, kwa sababu miguu yake inaijua njia. Mgeni anapokwama, hujiona mjinga na kunyamaza. Na kila anayenyamaza humwachia shimo lile anayemfuata.

Jinsi kiraka kinavyosafiri

Zamani masahihisho ya kitabu yalichapwa katika karatasi ndogo iliyobandikwa mwanzoni, ambayo wasomaji wachache waliipa heshima yake. Katika programu huria sahihisho husafiri kwa njia nyingine, nayo ina hisabati yake.

Mwaka 1974 mfumo wa Unix ulipata amri iitwayo diff, kazi ya Douglas McIlroy wa Maabara ya Bell. Amri hii hulinganisha mafaili mawili na kuonyesha mistari iliyotofautiana. Kwa macho kazi hiyo ni rahisi pale mstari mmoja unapobadilika. Lakini endapo aya nzima imeingizwa katikati, mistari yote inayofuata imesogea, na mlinganisho wa mmoja kwa mmoja utasema kwamba kila kitu kimebadilika. Siri ya diff ni kuutafuta mfululizo mrefu kuliko yote wa mistari inayopatikana katika mafaili yote mawili kwa mpangilio ule ule. Ukiisha kupatikana mfululizo huo, kila kilichobaki nje yake ama kimeondolewa ama kimeongezwa. McIlroy na James Hunt waliieleza njia ya kuutafuta kwa haraka katika ripoti yao ya mwaka 1976.

Miaka 9 baada ya ripoti hiyo, mwaka 1985, Larry Wall, ambaye baadaye aliibuni lugha ya Perl, alitoa programu iitwayo patch, maana yake kiraka. Hiyo huichukua orodha ya tofauti iliyotolewa na diff na kuibandika juu ya faili la mtu mwingine. Uzuri wake ni kwamba haitegemei nambari za mistari peke yake. Pamoja na mstari unaobadilishwa, kiraka hubeba mistari michache ya jirani, ya juu na ya chini, na programu huitafuta mistari hiyo hata ikiwa imehama mahali pake. Kwa hiyo msahihishaji aliyeko Mwanza na mtunzaji aliyeko Berlin wanaweza kuwa na nakala zisizolingana kabisa, na kiraka bado kikaangukia pale pale kilipokusudiwa. Sahihisho la mfano uliotangulia lingeandikwa hivi:

- Mwisho, amri hii hufuta mafaili yasiyonakiliwa.
+ Mwisho, amri hii hufuta mafaili yaliyonakiliwa.

Alama ya kutoa ni ya mstari unaoondoka, na ya kujumlisha ni ya mstari unaoingia. Mtunzaji huona kwa mara moja kitu kilichobadilika, na huona pia kwamba hakuna kingine kilichoguswa. Tangu mwaka 2005 kazi hii kwa kiasi kikubwa inafanywa kwa Git, programu aliyoianzisha Linus Torvalds kwa ajili ya kutunza msimbo wa Linux. Git hukipa kila kifungu cha mabadiliko alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake pamoja na historia iliyokitangulia, hivyo haiwezekani kuichezea kwa siri koma iliyowekwa miaka kumi iliyopita. Katika mradi wa Linux, kila anayeleta badiliko huongeza chini yake mstari wa kuthibitisha kwamba ana haki ya kulitoa. Utaratibu huo ulianza mwaka 2004, na unamhusu aliyebadilisha herufi moja sawasawa na aliyeandika mistari elfu.

Msahihishaji mzuri hujifunza mambo machache haraka. Hutazama kwanza toleo jipya kabisa la mwongozo, kwa kuwa yamkini kosa lilikwisha ondolewa. Huutafuta waraka wa asili, maana ukurasa unaosomwa kwenye kioo mara nyingi umetengenezwa na mashine kutokana na faili jingine, na anayesahihisha ukurasa huo anasahihisha kivuli. Hatii masahihisho ya tahajia na mabadiliko ya maana katika kiraka kimoja, kwani la kwanza hukubaliwa kwa dakika moja na la pili huenda likahitaji wiki ya mashauriano. Tena hueleza sababu. Sentensi moja isemayo kwamba amri ilijaribiwa katika toleo fulani na ikafanya kinyume cha maelezo ina uzito kuliko aya nzima ya adabu.

Kosa lililogeuka kanuni, na kimya kilichopoteza data

Madhara ya kuchelewa yanaonekana katika neno moja ambalo vivinjari hulituma mara zisizohesabika kila siku. Mtu anapobofya kiungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, kivinjari huweza kuiarifu seva ametoka ukurasa gani. Kichwa cha taarifa hiyo huitwa Referer. Kwa Kiingereza neno hilo huandikwa kwa r mbili katikati. Anayepungukiwa na moja amekosea. Kosa liliingia katika pendekezo, likapita machoni mwa wote walioupitia waraka, likatokea katika hati ya RFC 1945 ya mwaka 1996. Wakati lilipogunduliwa, programu za pande zote mbili zilikuwa zimekwisha andikwa kwa tahajia ile. Kulirekebisha kungekuwa kuzivunja. Hivyo herufi iliyoanguka haikuokotwa tena. Kichekesho ni kwamba kichwa kingine kilichobuniwa baadaye, cha kudhibiti taarifa hiyo hiyo, kinaitwa Referrer-Policy, kwa tahajia sahihi. Na leo mtunzi wa programu hana budi kukumbuka ni wapi aandike r moja na wapi mbili.

Hilo ni kero. Kisa cha pili kiligusa mali za watu. PostgreSQL ni hifadhidata huria inayotumiwa na mashirika mengi duniani. Programu inapoandika data, mfumo endeshi hauzipeleki diskini papo hapo. Huziweka katika kumbukumbu ya muda, na kuzipeleka diskini baadaye kwa makundi. Programu inayotaka uhakika huita huduma iitwayo fsync, ambayo hairudi mpaka data zimefika diskini, au mpaka imeshindwa na kutoa taarifa ya kosa. Watunzi wa PostgreSQL walichukulia kwamba fsync ikishindwa inaweza kuitwa tena, na ikifaulu mara ya pili basi data zi salama. Mwaka 2018 ikadhihirika kwamba katika Linux mambo sivyo yalivyo. Baada ya kushindwa, mfumo uliweza kuzihesabu kurasa zile za kumbukumbu kuwa safi, kana kwamba zimekwisha andikwa. Wito wa pili ulifaulu kwa sababu hapakuwa tena na kitu cha kuandika, ilhali data zenyewe zilikuwa zimepotea. Dhana ile ilikuwa imedumu ndani ya programu kwa takriban miaka 20.

Ukurasa wa mwongozo wa fsync haukuwa na kosa la tahajia. Ulisema kwamba huduma hiyo yaweza kushindwa. Haukusema nini hali ya data baada ya kushindwa. Mnamo Februari 2019 yalitolewa matoleo mapya ya PostgreSQL ambayo, yakikutana na kosa hilo, hujizima yenyewe na kujirejesha kutokana na daftari la shughuli, na ukurasa wa mwongozo wa Linux siku hizi una maelezo marefu zaidi kuhusu namna makosa ya uandishi yanavyoripotiwa. Kisa hiki kinapanua maana ya kusoma prufu. Jicho lililozoezwa kutafuta herufi zilizopotoka lingeusoma ukurasa ule mara mia bila kuona kitu. Ilihitajika mtu wa kuisoma sentensi, kufika kwenye nukta, na kuuliza: kisha?

Fulana za Oktoba

Si kila sahihisho ni msaada. Nyuma ya kila mradi yuko mtu anayesoma yote yanayoletwa, na mara nyingi hulipwa kidogo au halipwi kabisa. Kurasa za mwongozo wa Linux, kwa mfano, zilikuwa chini ya usimamizi wa Michael Kerrisk tangu mwaka 2004 kwa zaidi ya miaka 15. Kila kiraka, hata cha herufi moja, humdai mtu wa namna hiyo dakika zake: kukisoma, kukilinganisha na tabia halisi ya programu, kukiingiza au kukikataa kwa maneno ya heshima.

Udhaifu huo ulijidhihirisha Oktoba 2020. Kila mwaka tangu 2014 kulikuwa na mashindano yaitwayo Hacktoberfest ya kuhimiza watu kuchangia programu huria, na mwaka huo aliyewasilisha michango 4 ndani ya mwezi aliahidiwa fulana. Wengi waligundua kwamba njia fupi ya kuipata fulana ni kuugusa mwongozo. Watunzaji walifurikiwa na viraka vilivyoongeza neno la kusifu kwenye kichwa cha waraka, au kubadilisha neno sahihi kwa jingine lililo sahihi vilevile. Siku chache tu baada ya mashindano kuanza, waandaaji walilazimika kubadili kanuni ili yahusu tu miradi iliyojiandikisha kwa hiari.

Ukiziweka fulana zile kando ya hundi za Knuth, tofauti haiko katika thamani, maana fulana huenda ikawa na bei kubwa kuliko dola 2.56. Hundi hutolewa kwa kosa lililokuwepo kweli, kwa mtu wa kwanza kulipata, na baada ya mwandishi mwenyewe kukubali kwamba alikosea. Fulana iliahidiwa kwa kule kuleta tu.

Kiswahili na kiambishi kisicho na mwenyewe

Kwa wasemaji wa Kiswahili kazi hii ilianza kuonekana waziwazi mwaka 2004, pale mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi zilizozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili. Tangu hapo tafsiri za programu mbalimbali zimeendelea kufanywa na watu wa kujitolea, na tafsiri hizo zinahitaji wasomaji wa prufu kuliko hata miongozo ya Kiingereza, kwa sababu macho yanayozipitia ni machache.

Maneno ya programu hutafsiriwa aghalabu katika mafaili yenye jozi za sentensi: ya asili juu, ya Kiswahili chini. Ndani ya sentensi hizo zimo alama ambazo programu itazijaza wakati wa kazi, mathalani %d pale patakapokaa hesabu na %s pale patakapokaa neno. Msahihishaji hukagua kwanza kwamba alama hizo zimebaki salama, maana ikipotea moja ujumbe utatoka umevurugika, au programu itaanguka. Umoja na wingi si tatizo. Mfumo wa kutafsiria uitwao gettext huipa kila lugha idadi ya maumbo inayoyahitaji, na Kiswahili kimepewa mawili: faili 1 limefutwa, mafaili 3 yamefutwa.

Tatizo huanza pale ambapo mtunzi wa programu, akifikiri kwa Kiingereza, ameandika sentensi moja kwa vitu vya kila aina, kwa kuwa kitenzi chake hakibadiliki. Akaacha %s mwanzoni, kisha neno moja la kusema kwamba kitu hicho kimefutwa. Mfasiri hana njia ya kujua kitakachoingia pale. Akiandika "%s imefutwa", picha itakuwa sawa, lakini mtumiaji atasoma kwamba ujumbe imefutwa, kitabu imefutwa, na mwanachama imefutwa. Kila mtoto wa pwani na wa bara angeshtuka. Mashine haishtuki, na mtafsiri aliyefanya kazi kwa orodha ndefu, bila kuiona programu ikienda, hakupata nafasi ya kushtuka.

Msahihishaji anayeijua lugha ana njia mbili. Ya kwanza ni kumhamishia kitenzi mwenyewe mwingine: "Kufuta %s kumekamilika". Hapo upatanisho unakwenda na kufuta, wala haujali ni kitu gani kilichofutwa. Kufuta kitabu kumekamilika, kufuta ujumbe kumekamilika. Sentensi ni nzito kidogo mdomoni, lakini haikosei kamwe. Njia ya pili ni kumwandikia mtunzi wa programu na kumwonyesha kwamba sentensi yake moja inapaswa kugawanywa, kila aina ya kitu na ujumbe wake kamili. Mtunzi akikubali, kiraka hakiishii katika faili la Kiswahili: huingia ndani ya msimbo wenyewe, na wafasiri wa Kizulu, Kiganda na Kirundi, ambao lugha zao zina ngeli kama hizo, hukuta kazi imekwisha fanywa.